Ameacha au Ataacha

Jumapili, 8 Novemba

Mchungaji alinisimamisha mlangoni baada ya ibada ya kwanza, akanishika mkono na hakuuachia. Nimewahoji watu wengi maishani. Anayekushika mkono hivyo anataka kitu.

"Dada yangu, kambi ya vijana ya Desemba haina kiongozi."

Nikampa pole.

"Wewe ndiye tuliyekuona."

Aliyeiongoza miaka yote, yule tunayemwita Mama Kambi, amehama na mumewe kikazi. Nilimweleza mchungaji kwamba mimi ni mwandishi wa habari za mahakama, sina mtoto wa umri ule, siimbi, na sijui mchezo wowote wenye mpira. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole kabisa.

"Lakini hubabaiki," akasema.

Nilimwambia nitafikiri. Kwenye ibada ya pili akatangaza kwamba nimekubali.

Jumanne, 10 Novemba

Mume wangu anacheka tangu juzi. "Utawaamsha saa ngapi hao watoto? Wewe mwenyewe huamshwa na mimi."

Jumamosi, 21 Novemba

Mama Kambi amepiga simu. Filimbi iko kwenye droo ya ofisi ya kanisa. Vijana wagawiwe kazi siku ya kwanza, kabla hawajanizoea. "Na saa ya ushuhuda usiiguse. Ile inajiendesha yenyewe."

Nilimuuliza maana yake nini. Akasema mtoto analia, akakata.

Jumatano, 2 Desemba

Mvua.

Ijumaa, 4 Desemba

Nimeenda kuikagua shule tutakayopiga kambi, maana shule zimefungwa. Mabweni mawili, jiko, tangi la maji juu ya mnara wa zege, ukumbi wenye paa la bati. Mvua ilinikuta ukumbini. Nilimwona mlinzi wa shule akifungua na kufunga mdomo mbele yangu kwa muda, na sikusikia neno.

Msaidizi wangu ni mwinjilisti wa vijana. Ana sauti ya kipaza sauti hata akiomba chumvi. Kila nikisema jambo anasema "Haleluya." Nilimwambia magodoro hayatoshi, akasema "Haleluya," kisha akaenda kuyatafuta. Lazima nikiri kwamba aliyapata.

Jumatatu, 7 Desemba

Wamefika wote, pamoja na ndoo, mito, na gitaa lenye nyuzi nne. Nilisimama langoni kuwapokea wazazi.

Binti anayeongoza kwaya ya vijana kanisani wanamwita Kengele, kwa sababu ya sauti yake. Ana miaka kumi na saba. Aliletwa na baba yake, yule fundi bomba aliyeweka mabomba ya kanisa. Fundi alitembea kwa uangalifu mno, kama mtu aliyebeba trei ya glasi. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Aliponisalimia niliipata harufu, na walioipata ni wengi, maana langoni tulikuwa tumebanana. Binti alipokea begi lake upesi, akamwambia, "Asante, Baba, rudi tu, mvua itakukuta."

Mama yake Kengele anafanya kazi mji mwingine na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Nyumbani wanabaki wawili hawa.

Jumanne, 8 Desemba

Filimbi. Uji umeungua. Mvua. Mpira umeahirishwa. Wameanza kuniita Shangazi Habari, wakidhani sisikii.

Jumatano, 9 Desemba

Niliipuliza filimbi saa moja kabla ya wakati. Siku ilianza vibaya na haikujirekebisha.

Saa ya ushuhuda huja jioni baada ya chai. Vijana hukaa kwenye mabenchi ukumbini. Anayetaka husimama, husema "Bwana asifiwe," wenzake hujibu "Amina," kisha hueleza Mungu alivyomtendea. Leo wa kwanza kusimama alikuwa kijana mrefu wanayemwita Mlingoti. Alishukuru kwa kufaulu hesabu. Matokeo ya mtihani huo hayajatoka. Niliona kasoro hiyo nikanyamaza.

Kisha akasimama Kengele, akasema kwa sauti iliyo wazi kabisa:

"Namshukuru Mungu, kwa sababu amemwachisha baba yangu pombe."

Huko mahakamani pia tunaita ushuhuda. Shahidi akisema jambo, kalamu yangu inauliza lini, wapi, na nani aliona. Nilisikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti ya kawaida tu:

"Ameacha, au ataacha?"

Nilimuuliza kama ninavyomuuliza mwandishi mchanga aliyeniletea habari isiyoeleweka imetokea lini. Lakini ukumbini walikuwepo wote waliokuwa langoni Jumatatu. Benchi la nyuma lilianza, mengine yakafuata. Kilikuwa kicheko cha puani, kile ambacho mtu hawezi hata kumlaumu aliyekitoa.

Kengele alibaki amesimama, akiniangalia, kama anayengoja swali liishe. Kisha akaketi, akakivuta kitambaa cha kichwani hadi kwenye nyusi.

Baadaye mwinjilisti alinifuata jikoni. Kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ya chini.

"Shangazi, ile inaitwa kukiri kwa imani. Mtu anashukuru kabla hajapokea. Ndiyo maana anasema ameacha."

"Gazetini, ukiandika limetokea jambo ambalo halijatokea, unafukuzwa kazi."

"Hapa si gazetini."

"Naona."

"Na yule binti hatarudi kwenye benchi lile. Hawa nawajua."

Hakusema Haleluya. Nilitamani aseme.

Alhamisi, 10 Desemba

Kengele hakuja kwenye ibada ya asubuhi. Nilimkuta bwenini, amekaa juu ya kitanda kilichotandikwa, begi limefungwa miguuni, simu mkononi.

"Nampigia Baba aje anichukue. Hapokei."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimekusamehe." Alilisema kama mtu anayefunga dirisha.

Nilimweleza nilichokuwa nimekipanga. Gazeti likikosea ukurasa wa kwanza, sahihisho liende ukurasa wa kwanza, si pembeni kwa herufi ndogo kama sisimizi. Kwa hiyo jioni, saa ileile, ukumbi uleule, nitasimama niseme nilikosea kumuuliza.

"Shangazi, usithubutu."

"Kwa nini?"

"Utasema nini? Kwamba uliniuliza habari za pombe ya baba yangu? Watamcheka upya. Jana walimcheka, imetosha."

Alisema *walimcheka*. Hakusema walinicheka.

"Lakini ulijua hajaacha," nikasema.

"Mimi ndiye ninayeishi naye. Nani anajua kuliko mimi?"

"Basi kwa nini ulisema vile?"

"Nilikuwa namwambia Mungu, Shangazi. Sikuwa nakuambia wewe."

Sikuwa na swali la kufuatia. Hilo halinitokei mara nyingi, kwa hiyo naliandika.

Ameniambia baba yake akipokea simu tu, yeye anaondoka. Na kuanzia sasa hasimami tena mbele ya watu, si kwa ushuhuda, si kwa wimbo. Nilimuuliza nyumbani atafanya nini. Akasema, "Nitakaa."

Nilipotoka nilisimama kidogo kwenye baraza la bweni. Nimekuja hapa nikijiona mtu mzima aliyetumwa kuwaangalia watoto. Huyu binti anamwangalia mtu mzima kila siku, na hajawahi kupewa filimbi.

Mvua usiku kucha.

Ijumaa, 11 Desemba

Saa ya ushuhuda ilifika na hakuna aliyesimama. Nani asimame mbele ya mwendesha mashtaka? Mwinjilisti alianzisha wimbo, akaimba ubeti wote karibu peke yake. Akaanzisha wa pili. Ilikuwa kama kumwona mtu akisukuma gari lililokwama.

Nikasimama mimi.

"Bwana asifiwe."

"Amina," wakajibu, kwa mashaka.

"Namshukuru Mungu, kwa sababu nimeiongoza kambi hii vizuri."

Mwinjilisti aliangalia viatu vyake. Uji wa Jumanne waliula wenyewe. Filimbi ya Jumatano iliwatoa kitandani wao. Mpira wa kambi uko mtaroni tangu jana na aliyeutumbukiza ni mimi, nikionyesha namna ya kupiga.

Sauti ikatoka mlangoni, ile inayosikika bila kupazwa.

"Umeiongoza, au utaiongoza?"

Kengele alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mikono ameifunga kifuani. Sijui kama alikusudia kunichoma. Ningekuwa yeye ningekusudia.

"Kwa imani," nikajibu.

Kicheko kilitoka tumboni mara hii, kikazidi hadi mpishi akaja na mwiko mkononi kuuliza nani ameanguka. Mlingoti akasimama juu ya benchi: "Bwana asifiwe! Mimi nami nimefaulu hesabu kwa imani, maana kwa akili haiwezekani!" Baada ya hapo walipanga foleni. Binti mmoja alishukuru kwa kuwa dada yake ameacha kuvaa nguo zake. Wote wakamuuliza kwa pamoja: "Ameacha, au ataacha?" Akapiga magoti akiomba aombewe.

Kengele hakucheka. Lakini aliingia, akakaa mwisho wa benchi la karibu na mlango.

Begi lake bado limefungwa. Nimeliona.

Jumamosi, 12 Desemba

Mvua. Kwaya imefanya mazoezi bila kiongozi. Nimejua sasa kwa nini wanaitwa kwaya ya Kengele.

Jumapili, 13 Desemba

Ukingo wa udongo nyuma ya jiko umeporomoka kwa mvua na kupasua bomba kubwa linalotoka kwenye tangi. Maji yote ya tangi yameishia shambani. Vijana wamechota kisimani kwa jirani kutwa nzima, kwa ndoo, kwenye tope. Mwinjilisti alibeba ndoo mbili kila safari na kuimba. Nilikuwa namwona mtu wa kelele. Nikiondoa kelele zake, naona kambi isingekuwa na maji ya kunywa.

Mlinzi wa shule anasema fundi wao amesafiri. Mwinjilisti alinitazama, nikamtazama. Fundi tunayemjua ni mmoja.

Nilimfuata Kengele kisimani. Mara hii niliuliza kabla.

"Nataka kumpigia baba yako aje atengeneze bomba. Ukisema hapana, nitatafuta mwingine mjini."

Alijaza ndoo yake hadi juu ndipo akajibu.

"Mpigie alfajiri. Alfajiri anakuwa yeye."

"Na akija?"

"Akija nitaondoka naye."

Jumatatu, 14 Desemba

Nilipiga mapema, akapokea. Nilimweleza, akauliza upana wa bomba, nikamtajia, akasema, "Nakuja."

Alikuja na mfuko wa vifaa, hana harufu, mikono inatetemeka kidogo. Alishuka mtaroni, akalifukua bomba kwa koleo huku Mlingoti akiondoa tope. Nimewaona watu wengi wakifanya kazi nikiwa na kalamu mkononi. Huyu anajua kazi yake. Alikata kipande kilichopasuka, akapima kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Kiungo cha kipimo hiki sina. Naenda mjini kukinunua, narudi."

Kengele alikuwa ameshalileta begi langoni, kwenye kibanda cha mlinzi. Baba yake alipopita alimwambia, "Nikirudi nikimaliza, twende nyumbani."

"Sawa, Baba."

Hakurudi. Mvua ilianza saa tisa. Binti alikaa kibandani akiangalia barabara. Jioni nilienda na mwavuli. Nilikuta wasichana wa bweni lake wametangulia. Wawili wamelishika begi, mmoja huku mwingine kule, na wa tatu anamwambia, "Twende ndani bwana, utaota uyoga." Walikuwepo kwenye benchi la nyuma Jumatano. Mmoja wao ndiye aliyeanza kucheka.

Simu ya fundi imezimwa. Bomba liko wazi mtaroni, nimelifunika kwa turubai. Mchungaji alipiga kuuliza kambi inaendeleaje. Nilimwambia maji hakuna, ila kambi ipo.

Jumanne, 15 Desemba

Niliamka kabla ya filimbi, na kwa kuwa filimbi ninayo mimi, hilo ni jambo. Kulikuwa na mtu mtaroni.

Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye maji ya mvua, kiungo mkononi. Macho mekundu, shati la jana.

"Nilichelewa," akasema, bila kunyanyua uso.

Nilikuwa na maswali. Uliondoka saa sita, ukaenda wapi, na nani. Niliyaona yote yamejipanga. Nikamuuliza, "Utahitaji mtu wa kushika bomba?"

"Ningepata mmoja, ingekuwa vizuri."

Nikageuka kwenda kumwamsha Mlingoti, nikakutana na Kengele anakuja, gauni amelikunja hadi magotini, viatu mkononi. Sijui nani alimwambia. Alipita kando yangu akashuka mtaroni. Akashika bomba upande mmoja, baba yake akashika mwingine. Nilisikia maneno haya tu:

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapohapo. Usitikisike."

Baadaye nilisikia: "Nilikuwa na kiungo mfukoni tangu saa nane jana."

"Najua, Baba."

"Nilipita mahali."

"Najua."

"Usiku nilikiona kwenye mfuko. Nikasema, huyu mtoto anangoja kwenye mvua."

Nikaondoka, maana nilikuwa nasikiliza visivyo vyangu.

Saa nne maji yalitoka, kahawia kwanza, kisha yakasafika. Jikoni walipiga vigelegele. Fundi alikusanya vifaa vyake na kumtazama binti. "Begi liko wapi?"

Kengele alifuta tope mkononi kwenye gauni, ambalo halikuwa na sehemu safi.

"Bafu la wasichana linavuja," akasema. "Na sinki la jikoni. Kesho asubuhi unaweza kuja?"

Fundi alifikiri muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

"Naweza kujaribu."

Jumatano, 16 Desemba

Amekuja. Bafu.

Alhamisi, 17 Desemba

Amekuja. Sinki, na mabomba mawili ya bustani ambayo hakuna aliyeyalalamikia. Amekula nasi jioni. Mwinjilisti alimsimulia hadithi ndefu yenye kelele, fundi akacheka mahali ambapo si pa kucheka, wakacheka wote wawili.

Kengele ameimba, kutoka mstari wa nyuma. Hajasimama mbele.

Ijumaa, 18 Desemba

Fundi amekuja saa tano badala ya saa mbili, na harufu amekuja nayo. Si ya Jumatatu ile ya kwanza, lakini ipo. Binti alimletea chai ya moto, hakumwambia kitu. Alifanya kazi polepole hadi jioni na hakutoka langoni, ingawa mara mbili nilimwona ameliangalia lango.

Kama ningekuwa naandika habari, ningeandika: jana hapana, leo ndiyo. Ingekuwa sahihi. Nisingekuwa nimesema kitu.

Kesho tunafunga. Wazazi watakuja. Kengele ameniuliza kama saa ya ushuhuda itakuwepo mbele ya wazazi. Nilimwambia ipo kila mwaka. Akasema, "Haya," akaenda. Sikumuuliza zaidi.

Jumamosi, 19 Desemba

Ukumbi ulijaa, wazazi mbele, vijana pembeni, mchungaji kwenye kiti chenye mto. Mvua ilianza mchungaji alipofungua kinywa, na hotuba yake ya kunishukuru imebaki kati yake na bati. Tukangoja ipungue.

Mama Kambi alikuja, amesafiri tangu jana. Aliniegemea na kuuliza saa ya ushuhuda ilikwendaje. Nilimwambia niliigusa. Akasema alijua ningeigusa, mtu wa gazeti hawezi kuacha kitu bila kukigusa.

Watatu walitoa ushuhuda. Mlingoti alishukuru kwa hesabu, na baba yake akaonekana kushtuka. Kisha Kengele akatoka kwenye mstari wa nyuma wa kwaya, akaja mbele, akasimama peke yake. Mvua ilikuwa imebaki matone.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, si ndani wala si nje, kofia imelowa. Spana ilikuwa mfukoni. Alikuja asubuhi, saa mbili kamili, na aliponisalimia nilipata harufu ya sabuni tu. Hiyo ni habari ya leo. Ya kesho sina.

"Bwana asifiwe," Kengele akasema.

"Amina."

"Namshukuru Mungu kwa ajili ya baba yangu." Akatua. "Anaacha."

Hakuna aliyecheka. Vijana wote, mabenchi yote, waligeuza vichwa kuniangalia mimi. Mwinjilisti naye. Kengele pia aliniangalia, kidevu amekiinua, anangoja.

Nimesikia mashahidi wengi wakiapa. Wachache sana wamelitafuta neno lao hadi wakalipata. Hakusema ameacha, hakusema ataacha.

"Sina swali," nikasema.

Na mlangoni, kabla ya ukumbi kujibu, fundi bomba alivua kofia yake akasema, "Amina."